Kuiona Dunia Kutoka Juu na Kuijua kwa Miguu: Mafunzo Kutoka Japani

Yafuatayo ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mada yetu ya leo ni nchi ya Japani: ardhi yake, historia yake, na jinsi watu wake walivyojifunza kuitazama dunia kutoka anga za juu. Huenda mtu akajiuliza, roketi za Japani zina uhusiano gani na kamati ya maji au kamati ya shule? Swali hilo ni la haki, na tunaomba tulijibu mapema.

Katika kazi ya maendeleo kuna watu wa aina mbili wanaohitajiana. Wapo wanaoona kwa mbali, na wapo wanaoona kwa karibu. Mfadhili aliye mbali huona ramani, takwimu na picha. Mjumbe wa kamati huona kisima kilichokauka, njia iliyobomolewa na mvua, na nyumba ya mjane isiyo na paa. Mara nyingi hawa wawili hawaelewani. Wa mbali humwona wa karibu kuwa hana mpango. Wa karibu humwona wa mbali kuwa hajui kitu. Japani ni nchi iliyojitahidi kwa zaidi ya miaka 200 kuona kwa njia zote mbili. Imefanikiwa mahali pengine na mahali pengine imeumia. Ndiyo maana tumeona inafaa kujifunza kwayo.

Nchi ya milima, misitu na bahari

Japani ni mlolongo wa visiwa pembezoni mwa bara la Asia. Vikubwa ni vinne: Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kuwa nchi hiyo ina visiwa 6,852, hesabu iliyotolewa mwaka 1987. Mwaka 2023 ilitangazwa hesabu mpya: visiwa 14,125. Si kwamba visiwa vingine vilizaliwa katikati. Ramani ndizo zilizoboreka, na vile vidogo vilivyokuwa havionekani vikaanza kuhesabiwa.

Karibu robo tatu ya nchi hiyo ni milima. Mlima mrefu kuliko yote ni Fuji, wenye kimo cha mita 3,776, nao ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1707. Watu wengi wamebanana kwenye tambarare chache za pwani, ambako wanakabiliwa na matetemeko ya ardhi, vimbunga na tsunami. Kama theluthi mbili za ardhi yote ni misitu. Mtu akiitazama Japani kutoka angani ataona kijani kilichokolea, na huenda akasema: hawa Mungu amewajalia, hawana shida ya kuni wala mbao.

Lakini historia inasema mengine. Katika karne ya 17, baada ya miaka mingi ya vita vya ndani, nchi ilitulia chini ya utawala wa ukoo wa Tokugawa. Amani ilileta ujenzi wa ngome, mahekalu na miji, na vyote vilijengwa kwa mbao. Mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, ulipata moto mkubwa mwaka 1657 ulioteketeza sehemu kubwa ya mji na kuua maelfu ya watu. Ili kuujenga upya, misitu ilikatwa zaidi. Vilima vikabaki vipara, udongo ukaporomoka, mito ikajaa mchanga na mafuriko yakawaingia wakulima mashambani. Mwaka 1666 serikali ilitoa amri ya kuzuia kung'oa visiki na mizizi milimani, na ikaagiza miche ipandwe kwenye miteremko iliyo wazi karibu na mito.

Amri peke yake haikuotesha miti. Kilichosaidia ni kwamba vijiji vilikuwa na taratibu za misitu ya pamoja: nani anaruhusiwa kuingia, siku gani, na achukue kiasi gani cha kuni au majani. Aliyevunja utaratibu aliadhibiwa na wanakijiji wenzake. Kazi hiyo ilichukua vizazi. Kwa hiyo kijani kile kinachoonekana kutoka juu ni matokeo ya sheria, mabishano ya vikao na jasho la watu.

Hata leo picha ya kutoka juu haitoi habari yote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipanda miti kwa wingi, hasa sugi, mti unaofanana na mwerezi. Takriban asilimia 40 ya misitu yao sasa ni ya kupandwa. Mbao za kigeni zilipokuwa rahisi, na vijana walipohamia mijini, sehemu kubwa ya misitu hiyo ilikosa watu wa kuipunguza na kuitunza. Kila majira ya kuchipua, chavua ya sugi huwaletea watu wengi mafua na kuwashwa macho. Kutoka angani, kijani ni kijani tu. Anayeishi chini ya mlima ndiye ajuaye upi ni msitu wa asili na upi ni shamba la miti lililotelekezwa. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mzee aliyeipima nchi kwa hatua zake

Sasa tuwatambulishe kwa mtu mmoja ambaye tunadhani kila kamati ingependa kuwa naye. Jina lake ni Ino Tadataka, aliyezaliwa mwaka 1745. Alikuwa mfanyabiashara wa mji wa Sawara, mtengenezaji wa pombe ya mchele na muuzaji wa nafaka. Njaa kubwa ilipoikumba nchi katika miaka ya 1780, alitoa chakula kuwasaidia watu wa mji wake. Alipokaribia miaka 50 alimkabidhi mwanawe biashara, akahamia Edo kusoma elimu ya nyota. Mwalimu wake, Takahashi Yoshitoki, alikuwa mdogo kwake kwa miaka 19. Mzee Ino hakuona haya kukaa mbele ya kijana na kujifunza.

Walikuwa na swali moja lililowasumbua: dunia ina ukubwa gani? Walijua kuwa ni mviringo. Walijua pia kwamba mtu akipima umbali halisi kwenda kaskazini, na akalinganisha jinsi nyota zinavyobadilisha kimo chake angani, anaweza kukokotoa mzingo wa dunia nzima. Lakini safari ndefu kama hiyo ilihitaji kibali cha serikali. Basi wakaomba ruhusa ya kupima njia ya kwenda kaskazini hadi kisiwa cha Ezo, yaani Hokkaido ya leo, na kukichorea ramani. Serikali ilikuwa na hofu na meli za Warusi upande huo, ikakubali.

Mwaka 1800, akiwa na miaka 55, Ino aliondoka Edo kwa miguu. Sehemu kubwa ya gharama alilipa mwenyewe. Katika safari hiyo ya kwanza alipima umbali kwa kuhesabu hatua zake, akiwa amejizoeza kutembea kwa hatua zinazolingana. Usiku alipima nyota. Safari zilizofuata alitumia kamba, minyororo na dira. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1816, akizunguka pwani za Japani karibu zote, na mwendo wake wote unakadiriwa kuwa wa kilomita zipatazo 40,000. Huo ni kama mzingo wa dunia yenyewe. Kipimo chake cha nyuzi moja ya latitudo kilikuwa kama kilomita 110.75, vipimo vya leo vinatoa takriban kilomita 111.

Alifariki mwaka 1818 kabla ramani haijakamilika. Wenzake waliificha habari ya kifo chake mpaka walipoimaliza na kuikabidhi serikalini mwaka 1821, ikiwa na karatasi kubwa 214. Ino hakupanda hata kilima chenye urefu wa kuonyesha nchi yake yote kwa pamoja. Aliikusanya hatua kwa hatua, ghuba kwa ghuba, mpaka akaweza kuiona kama ndege anavyoiona.

Kuna jambo lingine katika habari hii. Serikali iliiweka ramani hiyo kuwa siri. Mwaka 1828 iligundulika kuwa daktari mmoja Mjerumani, Siebold, alikuwa amepewa nakala. Mtoto wa mwalimu Takahashi, ambaye alikuwa ameisimamia kazi ya kuikamilisha, alikamatwa na kufia gerezani mwaka 1829. Maarifa yaliyopatikana kwa miguu ya mzee na kwa msaada wa vijiji vilivyompokea yalifungiwa kabatini. Ndugu wajumbe, tukumbuke hili tunapofanya tathmini vijijini. Takwimu tunazochukua kwa watu zinarudi kwao, au zinaishia kwenye majalada ya ofisi?

Roketi ya penseli na kina mama wa Uchinoura

Kusini kabisa mwa Kyushu upo mkoa wa Kagoshima. Mambo mengi yaliingia Japani kupitia huko. Mwaka 1543 Wareno walifika kisiwa cha Tanegashima na kuleta bunduki za kwanza. Miaka 6 baadaye, tarehe 15 Agosti 1549, Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitua Kagoshima na kuanza kuhubiri Injili. Baadaye Ukristo ulipigwa marufuku kwa zaidi ya karne mbili, na waamini waliishi kwa siri hadi marufuku ilipoondolewa mwaka 1873. Leo mkoa huohuo ndio lango la Japani la kwenda anga za juu.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo sana. Baada ya kushindwa vitani mwaka 1945, Japani ilikatazwa kutengeneza ndege hadi mwaka 1952. Mhandisi Itokawa Hideo, aliyekuwa ameshiriki kubuni ndege za kivita, aligeukia roketi kwa ajili ya utafiti wa sayansi. Mwezi Aprili 1955, huko Kokubunji karibu na Tokyo, alionyesha roketi yake ya kwanza. Urefu wake ulikuwa sentimita 23, ikaitwa penseli. Hawakuirusha juu, waliifyatua ikaenda ubavu, ikipenya karatasi zilizotegwa ili wapime mwendo wake. Waliokuwa na kitu kidogo walikitumia kujifunza kwa uangalifu.

Walipohitaji mahali pa kurushia roketi kubwa zaidi, Itokawa alichagua Uchinoura, kijiji cha wavuvi na wakulima kwenye rasi ya Osumi, penye milima inayoshuka hadi baharini. Ujenzi ulianza mwaka 1962. Wanachama wa umoja wa kina mama wa pale walijitolea kutengeneza njia kwa mikono yao, na wakawakaribisha wanasayansi kama wageni wa nyumbani. Kina mama hao pia walikunja korongo wa karatasi, ambao kwa Wajapani ni ishara ya kuomba heri, kabla ya roketi kurushwa.

Hata hivyo si wote waliofurahi. Wavuvi wa eneo hilo walilalamika kuwa kila roketi inaporushwa wanazuiwa kwenda baharini. Kuanzia mwaka 1967 kazi ya kurusha ilisimama kwa zaidi ya mwaka mmoja mpaka mazungumzo yalipofanyika. Kwa miongo kadhaa roketi za Kagoshima zilirushwa kwa misimu iliyokubaliwa na wavuvi. Ni kuanzia mwaka 2011 tu ndipo ilipowezekana kurusha mwaka mzima. Taifa zima lilitaka kwenda angani, lakini lilikaa kitako na watu wa mitumbwi. Tunawaachia wafadhili na kamati zetu walitafakari hilo, hasa pale mradi unapokuwa na haraka.

Majaribio manne ya kwanza ya kuweka setilaiti angani yalishindikana. La tano lilifaulu tarehe 11 Februari 1970. Setilaiti hiyo ya kilo 24 ilipewa jina la Osumi, kwa heshima ya rasi iliyowapokea. Betri yake ilikufa kabla ya siku kwisha, lakini Japani ilikuwa imekuwa nchi ya nne duniani kufika huko kwa roketi yake yenyewe, baada ya Urusi ya Kisovieti, Marekani na Ufaransa.

Macho yanayoitazama dunia

Tangu hapo Japani imejenga macho mengi angani. Mwaka 1977 ilipata setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iitwayo Himawari, maana yake alizeti. Himawari ya sasa, ambayo ni ya 9, ilishika zamu mwezi Desemba 2022. Iko juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 35,800, na kila baada ya dakika 10 hupiga picha ya upande mzima wa dunia ulio mbele yake. Asia ya Mashariki na Australia zinaonekana vizuri. Afrika haionekani kabisa. Mawingu yetu tunayaona kwa setilaiti za Ulaya. Hata jicho lililo mbali namna hiyo lina upande lisiouona.

Watu nao wamekwenda. Mjapani wa kwanza angani hakuwa rubani wala mwanasayansi. Alikuwa mwandishi wa habari, Akiyama Toyohiro, aliyepelekwa na kituo chake cha televisheni kwa chombo cha Kisovieti mwezi Desemba 1990. Miaka michache baada ya kurudi aliacha kazi ya televisheni, akahamia mkoa wa Fukushima kulima mpunga na uyoga. Aliyeiona dunia yote alichagua kipande kidogo cha udongo. Mwaka 2011 ajali ya kinu cha nyuklia ilimlazimisha kuyaacha mashamba hayo, kama ilivyowatokea majirani zake wengi.

Mohri Mamoru aliruka mara ya kwanza mwaka 1992, na mara ya pili tarehe 11 Februari 2000, miaka 30 kamili tangu Osumi. Safari hiyo ya pili inatuhusu. Akiwa na wenzake watano katika chombo cha Marekani, walitumia rada yenye mlingoti wa mita 60 kupima vimo vya asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia, Afrika yote ikiwamo. Kazi ya Ino ilichukua miaka 17 kwa nchi moja. Hii ilichukua siku 11 kwa karibu dunia nzima. Vipimo hivyo husaidia kujua maji yatateremka upande gani, na hivyo vinafaa hata kwa wanaopanga miradi ya maji ya mserereko. Kwa miaka mingi vipimo vya kina zaidi vya nchi nyingine havikutolewa kwa umma. Mwaka 2014 Marekani ilitangaza kuvitoa bure, na Afrika ikawa ya kwanza kupewa.

Aliporudi, Mohri alitamani watu wa kawaida nao waione dunia kama alivyoiona. Alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa jumba la sayansi la Miraikan mjini Tokyo, lililofunguliwa mwaka 2001, ambamo imening'inizwa tufe kubwa inayong'aa na kuonyesha mawingu yanavyotembea juu ya dunia. Tangu mwaka 2021 jumba hilo linaongozwa na Bi Asakawa Chieko, mtaalamu wa kompyuta ambaye ni kipofu tangu ujana wake. Amefanya kazi kwa miaka mingi ili wasioona nao waweze kusoma mitandaoni na kutembea wenyewe. Tunaliona hilo kuwa somo zuri: kuiona dunia si kazi ya macho peke yake.

Wajapani walianza kuwaza habari hizi zamani sana. Wana hadithi yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000 kuhusu mkata mianzi aliyekuta mtoto mdogo wa kike ndani ya mwanzi. Akamlea pamoja na mkewe, akawa binti mzuri aitwaye Kaguya. Kumbe alikuwa ametoka mwezini, na siku ikafika ya kurudi. Waliokuja kumchukua walimvika vazi la manyoya ya ndege, na alipolivaa tu, huruma yote kwa wazee waliomlea ikamtoka. Mwaka 2007 Japani ilipeleka mwezini chombo chenye jina la binti huyo. Kikapiga picha za video zenye ubora wa hali ya juu, zikionyesha dunia ya buluu ikichomoza nyuma ya mwezi mkavu. Waliotunga hadithi ile walijua hatari ya kukaa juu mno: mtu husahau. Sisi tunaofanya kazi maofisini tuliogope vazi hilo.

Jiwe na setilaiti

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8.46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitokea chini ya bahari kaskazini mashariki. Tetemeko hilo na tsunami iliyofuata viliua watu wapatao 15,900, na wengine wapatao 2,500 hawajapatikana hadi leo. Japani ilikuwa na setilaiti iitwayo Daichi, maana yake ardhi, iliyorushwa mwaka 2006. Ilipiga picha mamia za pwani iliyoharibiwa, zikapelekwa kwa wizara na waokoaji ili wajue wapi pamefurika na barabara zipi zimekatika. Wiki sita baadaye, tarehe 22 Aprili, ilipoteza umeme, na mwezi uliofuata ikafungwa rasmi.

Katika pwani hiyohiyo kipo kijiji kidogo cha Aneyoshi. Tsunami za mwaka 1896 na 1933 zilikifagia, wakasalia watu wachache sana. Walionusurika waliweka jiwe kwenye mteremko, likiwaonya wazao wao wasijenge nyumba chini ya hapo. Watu wakatii. Mwaka 2011 maji yalipanda bonde kwa nguvu ya kutisha, yakasimama kabla ya kulifikia jiwe, na nyumba zote zilizokuwa juu yake zikapona. Mawe ya namna hiyo yako mengi katika pwani ya Japani. Kwingine watu waliyasahau, wakashuka tena kuishi karibu na bahari.

Setilaiti iliwaambia waokoaji maji yamefika wapi. Jiwe liliwaambia wanakijiji maji yatafika wapi. Vyote viwili vilihitajika, na hakuna kimoja kingeweza kuchukua nafasi ya kingine. Tuulizane: mafuriko makubwa ya mwisho kijijini kwetu yalifika wapi? Wazee wanaojua wangali hai? Nani ameandika?

Kibo mbili

Sote tunaijua Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye kimo cha mita 5,895. Japani nao wana Kibo yao. Ni maabara waliyoijenga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga kati ya mwaka 2008 na 2009, na kwa Kijapani neno hilo maana yake ni tumaini. Majina yamelingana kwa bahati tu, lakini uhusiano na kwetu ni wa kweli. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa angani kutoka Kibo. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Mwaka 2019 ilifuata ya Rwanda, na Desemba 2022 ya Uganda, iliyotengenezwa na vijana wa Uganda waliokuwa wakisoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu.

Aidha, tangu mwaka 2016 mashirika mawili ya Japani, JICA na JAXA, yanatoa bure taarifa za ukataji wa misitu katika nchi 77 za tropiki. Wanatumia rada ya setilaiti ya Daichi-2, inayopenya mawingu na kuona hata wakati wa masika. Nchi iliyowahi kumaliza misitu yake katika karne ya 17 sasa inasaidia kulinda ya wengine. Lakini rada huonyesha tu kwamba miti imeanguka. Haisemi kama aliyekata ni tajiri wa mbao au mama aliyekosa kuni za kupikia watoto. Hilo anayelijua ni jirani.

Tunayoyapendekeza

Ndugu zetu, tunaomba kumalizia kwa mambo matatu.

Kwanza, kila kamati ichore ramani ya eneo lake kwa kutembea, kama mzee Ino. Mtembee mipaka yote, pamoja na vitongoji ambavyo magari hayafiki. Muwe na wanawake, wazee na vijana. Andikeni vyanzo vya maji, miteremko inayoporomoka, na nyumba za wagonjwa na wasiojiweza. Kisha mwombe ofisi iwape picha ya setilaiti ya mahali hapo, mlinganishe. Kila kimoja kitaonyesha kilichokosekana kwenye kingine.

Pili, wafadhili wapendwa, tunawaomba msiishie kwenye picha na jedwali. Mnapoona kijani, ulizeni kinatunzwa na nani. Mnapoona kisima kwenye ramani, ulizeni kama kinatoa maji mwezi wa Oktoba. Na pale wavuvi au wakulima wanaposema wasubiriwe, muwape muda wa kusikilizwa. Roketi zilisubiri.

Tatu, taarifa zinazokusanywa kwa wananchi zirudishwe kwao, kwa lugha yao na mahali wanapoweza kuzisoma. Zibandikwe kwenye ubao wa parokia. Zisomwe katika jumuiya. Ramani iliyofungiwa kabatini haimwokoi mtu na mafuriko.

Wanaanga wengi waliporudi wamesema kuwa kutoka juu hawakuona mipaka ya nchi, na dunia ilionekana nzuri na dhaifu. Tunawaamini. Lakini kutoka juu hawakuona pia nani amelala na njaa. Kazi hiyo imebaki kwetu sisi tunaotembea chini, na kwenu ninyi mnaotutuma na kututegemeza.